Mbwa Mdogo Akichafua Sakafu



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mtalicheka. Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia chanjo za watoto, lishe ya wajawazito na mambo ya namna hiyo. Leo nitazungumzia mtoto wa mbwa, na jinsi ya kumfundisha asijisaidie ndani ya nyumba. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu mbwa huyo alinionyesha jambo kuhusu watoto wangu mwenyewe ambalo sikulipata katika masomo yangu yote ya uuguzi.

Katika nyumba zetu nyingi mbwa ni wa nje. Kazi yake ni kulinda, na mahali pake ni kibanda karibu na lango. Hilo si baya. Lakini mbwa huletwa akiwa mdogo, mara nyingi wa miezi 2 tu, ametenganishwa na mama yake jana au juzi. Huyo hawezi kulala nje kwenye baridi na mvua, wala hawezi kujitetea kwa mbwa wakubwa wanaozurura usiku. Basi kwa majuma kadhaa hulala ndani, jikoni au stoo. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana anayekanyaga mkojo alfajiri ni mama, na anayeufuta ni mama au dada wa kazi.

FAGIO NA GUNIA LA UNGA

Miaka kadhaa iliyopita wezi walituibia kuku wote kwa usiku mmoja. Baba watoto akaamua tutafute mbwa, na jirani akatupa mmoja wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kifuani. Watoto wakamwita Bobi. Ilikuwa mwezi wa Juni, na wanaoijua Iringa wanaijua baridi ya Juni. Tukamwekea boksi jikoni na kipande cha blanketi kuukuu.

Siku ya tatu nilirudi kutoka zamu ya usiku. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, na umeme ulikuwa umekatika. Nikaingia jikoni gizani, nikakanyaga. Hasira ikanipanda. Nikachukua fagio la chelewa nikamchapa Bobi, nikamsukumia pua kwenye mkojo wake kama nilivyoona watu wakifanya tangu utoto wangu, kisha nikamtupa nje. Alilia sana. Mimi nikaona nimefundisha.

Kwa siku nne sakafu ilikuwa kavu, nami nikajisifu. Siku ya tano nikasikia harufu. Nikasogeza gunia la unga wa mahindi lililokuwa pembeni, na nyuma yake nikakuta uchafu wa siku zote nne. Tena kuanzia hapo, kila nilipomtoa nje, Bobi hakukubali kujisaidia mbele yangu. Alinitazama akitetemeka, akasubiri turudi ndani, halafu akatafuta pa kujificha.

Nilipompeleka kupata dawa ya minyoo nilimweleza daktari wa mifugo habari hiyo. Hakunicheka. Aliniambia, "Mama, wewe hukumfundisha usafi. Umemfundisha kuficha." Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, na nitayarudia baadaye.

KWA NINI ANACHAFUA?

Mtoto wa mbwa hachafui kwa ukaidi. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukifunga bado haijakomaa. Kwa kukadiria, wakati wa mchana anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi 2 atajizuia kama saa 2, wa miezi 3 kama saa 3. Akiwa amelala usingizi hujizuia kidogo zaidi. Ukimfungia jikoni kutoka saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, unamdai jambo ambalo mwili wake hauwezi.

Jambo la pili, mbwa hana kumbukumbu ya makosa kama yetu. Ukimpiga kwa mkojo alioutoa nusu saa iliyopita, hajui unampigia nini. Anachojua ni kwamba wewe umeingia, kuna mkojo sakafuni, na yeye ameumia. Uso ule wa kuinamisha kichwa na kurudisha masikio nyuma, ambao sisi husema "anajua alichokosa", ni woga tu wa hasira anayoiona usoni pako.

Lakini Mungu amempa mbwa jambo moja la kutusaidia. Kwa asili yake hapendi kuchafua mahali anapolala. Tangu akiwa na majuma machache huanza kujitenga na matandiko yake ili ajisaidie pembeni. Kazi yetu ni kuikuza tabia hiyo, tumwonyeshe kwamba nyumba nzima ni malazi na uani ndiko chooni.

NAMNA YA KUMFUNDISHA

1. Chagueni mahali pamoja. Iwe ni kona ya uani iliyo mbali na jiko, bomba la maji na bustani ya mchicha. Mpelekeni hapo hapo kila mara. Harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo.

2. Mtoe kwa ratiba. Kuna nyakati nne ambazo hazikosei: anapoamka tu, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Zaidi ya hizo, akiwa wa miezi 2, mtoe kila baada ya saa 2 mchana. Mlishe kwa saa maalumu, mara 3 au 4 kwa siku, wala usimwachie chakula kutwa nzima. Anayekula kwa saa hujisaidia kwa saa. Maji ya kunywa usimnyime.

3. Soma dalili zake. Akiacha mchezo ghafla, akinusa sakafu, akizunguka zunguka au akienda pembeni, hana muda. Mbebe mara moja umtoe nje.

4. Msubiri, kisha umsifu. Ukifika naye kwenye ile kona usicheze naye. Simama kimya, useme neno moja tu ambalo nyumba nzima italitumia. Sisi tulisema "haya". Akimaliza, msifu pale pale na umpe dagaa mmoja. Ukingoja mpaka mrudi ndani ndipo umpe, atadhani amezawadiwa kwa kuingia ndani.

5. Mpe sehemu ndogo. Usimwache azurure nyumba yote. Weka ubao mlangoni mwa jiko. Boksi lake liwe la kumtosha kujinyoosha na kugeuka. Likiwa kubwa mno atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili.

6. Usiku mtoe mara moja au mbili. Mpe mlo wa mwisho saa 2 au 3 kabla ya kulala. Mkiamka, mtoeni bila michezo na mumrudishe alale. Hili ni la majuma machache tu, na sisi tuliokwisha kunyonyesha usiku tumevumilia makubwa kuliko hilo.

7. Ukimkuta anafanya, usipige kelele. Piga makofi kidogo ili asite, mbebe, na akamalizie nje. Akimalizia nje msifu. Ukikuta ameshafanya, umechelewa wewe. Futa, unyamaze.

8. Safisha mpaka harufu iishe. Futa kwanza kwa kitambaa, osha kwa sabuni na maji, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita arudi pale pale. Tena, akina mama, msichanganye kamwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na siki, wala msiimimine juu ya mkojo. Hutoa mvuke unaodhuru mapafu.

9. Watu wa nyumba wawe na sauti moja. Kama mama anasifu na kaka anapiga teke, mbwa hatajifunza lolote. Kaeni pamoja mgawane zamu, na dada wa kazi awemo katika mazungumzo, kwa maana ndiye anayeshinda naye. Si haki kumwachia mzigo wote halafu tumgombeze jioni.

Kuna mbwa wadogo wengine ambao hutoa matone ya mkojo mtu anapowasalimu au kuwainamia. Hao wanaonyesha unyenyekevu kwa mkubwa wao. Ukimkemea atazidisha. Chuchumaa ubavuni pake, mwite kwa sauti ya chini, na kadiri anavyojiamini jambo hilo huisha.

Wengi hutulia wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 6, wengine huchelewa zaidi. Ikiwa aliyekwisha kuwa safi anaanza kuchafua tena, anaharisha au anakojoa matone mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda anaumwa.

MINYOO

Kama muuguzi sina budi kusema neno juu ya kinyesi cha mbwa. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo, kwa sababu ile mirefu inayofanana na tambi hupita kutoka kwa mama yao wakiwa bado tumboni, na pia katika maziwa. Kwa hiyo hupewa dawa tangu wakiwa na majuma 2, hurudiwa kila baada ya majuma 2 mpaka karibu miezi 2, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mtaalamu wa mifugo atakupa dawa na kipimo chake. Usikadirie kwa vidonge vya binadamu.

Mayai ya minyoo hiyo yakiingia tumboni mwa mtoto wako yanaweza kuleta homa, kikohozi, hata madhara ya jicho. Lakini mayai hayo huhitaji majuma 2 au zaidi katika udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo ukizoa kinyesi kila siku na kukitupa kwenye choo cha shimo, umeuvunja mnyororo. Watoto wavae viatu uani, maana vijidudu vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya unyayo na kuacha michirizi inayowasha sana. Tena wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomaliza kucheza na mbwa.

SHUKA NYUMA YA BANDA LA KUKU

Sasa nirudi kwenye maneno ya yule daktari wa mifugo.

Tulipogawana zamu za Bobi, kitinda mimba wetu aliomba ya alfajiri. Alikuwa na miaka 8, yuko darasa la pili. Nilishangaa, kwa sababu kumwamsha huyo kwenda shule kulikuwa vita. Nikafurahi nikidhani mbwa amemfundisha wajibu.

Asubuhi moja ya Julai niliamka kabla ya saa 11. Nilimkuta nyuma ya banda la kuku, amechuchumaa gizani, Bobi ameketi karibu naye. Mbele yake kulikuwa na beseni, na mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya baridi. Alikuwa anafua shuka lake.

Nieleze kisa chake. Mtoto huyu alikuwa bado anakojoa kitandani. Mwezi wa Mei nilikuwa nimemwita kikojozi mbele ya dada zake, nikamtishia kwamba akirudia nitambebesha godoro mchana kweupe ili wenzake wamwone. Baada ya siku hizo kitanda kilikuwa kikavu. Nilimwambia hata rafiki yangu wa kwaya kwamba maneno makali yanaponya. Kumbe alikuwa anafua shuka alfajiri, analianika nyuma ya banda ambako jua halifiki, na jioni analitandika likiwa bado na unyevu. Kikohozi chake cha majuma mawili, ambacho mimi muuguzi nilikuwa nakitibu kwa limau na asali, nilikijua chanzo chake asubuhi ile.

Nilimuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Niliogopa, mama."

Gunia la unga na banda la kuku vikawa kitu kimoja machoni pangu. Nilikuwa nimemfundisha mwanangu somo lile lile nililomfundisha mbwa kwa fagio.

Jioni ile nilimwomba msamaha mwanangu mbele ya dada zake, kwa sababu nilimwaibisha mbele yao. Baba watoto alikohoa kidogo, akaweka kikombe chini, akasema, "Hata mimi nilianika shuka mpaka darasa la nne. Muulizeni bibi yenu." Sijawahi kuona uso wa mtoto ukibadilika kama ule. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimelijua jambo hilo. Naye alikuwa amelificha.

(Kijana huyo sasa yuko sekondari. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, naye amekubali kwa sharti kwamba nisitaje jina lake.)

MTOTO ANAYEKOJOA KITANDANI

Akina mama, mtoto aliyelala usingizi hajaasi. Katika watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado hukojoa kitandani, na wakifika miaka 10 ni kama 5. Wengine usingizi wao ni mzito. Wengine kibofu chao bado hakiwezi kubeba mkojo wa usiku mzima, au ile homoni ya kupunguza mkojo usiku imechelewa. Mara nyingi hali hii hurithiwa, kama tulivyojua sisi mezani. Wengi hupona wenyewe wanapokua.

Mpe maji ya kutosha mchana, umpunguzie katika saa 2 za mwisho kabla ya kulala, na jioni usimpe chai. Ahakikishe amekojoa kabla ya kupanda kitandani. Kama choo kiko nje na kuna giza, mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, maana watoto wengi huamka lakini huogopa kutoka. Tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka. Akilowesha, mbadilishie bila makelele. Msifu kwa lile analoweza, yaani kwenda chooni kabla ya kulala au kukuambia ukweli asubuhi, wala usimdai lile asiloliweza akiwa usingizini.

Mpeleke hospitali ikiwa aliyekuwa mkavu kwa miezi 6 ameanza tena, akipata maumivu au homa, akikojoa damu, ambayo inaweza kuwa kichocho, akiwa na kiu kupita kiasi huku anakonda, ambayo yaweza kuwa kisukari, akilowesha nguo mchana pia, au akifunga choo. Na ikiwa mtoto ameanza ghafla huku akimwogopa mtu fulani au mahali fulani, kaa naye kwa upole umsikilize. Huenda kuna mtu anayemdhuru.

Najua wako watakaonikumbusha habari za fimbo katika Mithali. Sipingi maonyo kwa mtoto mkaidi. Lakini kitabu hicho hicho, sura ya 12 mstari wa 10, kinahesabu kumjali mnyama miongoni mwa matendo ya mwenye haki. Na Mtume Paulo katika Waefeso 6:4 anawaonya wazazi wasiwatie watoto uchungu. Makosa ya kusudi yana maonyo yake. Udhaifu wa mwili unahitaji matunzo.

JERAHA LILILOFICHWA

Nina sababu nyingine ya kuyaandika haya, nayo ni nzito zaidi.

Nilipokuwa bado muuguzi kijana, aliletwa wodini mvulana wa miaka 10 hivi. Hakuweza kunywa maji; akiona kikombe koo lilikaza na mwili ukatetemeka. Mama yake hakujua lolote. Mdogo wake ndiye aliyetuambia kwamba miezi miwili nyuma walikwenda kuchuma mapera ya watu, mbwa akamng'ata kaka yake mguuni. Wakakubaliana wasiseme, kwa sababu baba angewachapa. Jeraha lilikuwa dogo, lilipona lenyewe. Lakini kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu kila mara mgonjwa hufa. Tulichoweza kufanya ni kumpunguzia mateso na kusali na mama yake. Alifariki siku ya tatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, mtoto naye nani alimfundisha kuficha? Na asubuhi ile nyuma ya banda la kuku, mwanangu aliposema neno lile "niliogopa", mvulana yule alinijia akilini, nikapiga magoti palepale kwenye matope.

Basi, mbwa wako achanjwe. Kwa kawaida chanjo ya kichaa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza, mara nyingi kila mwaka. Katika kampeni za chanjo Shirika la Afya Duniani linashauri hata walio chini ya umri huo wachanjwe. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana na ugonjwa huu, na sehemu nyingi huitumia kuchanja. Sikilizeni matangazo ya kata yenu. Na mbwa anayelelewa kwa upole huwa na sababu chache za kung'ata kwa woga.

Mtoto aking'atwa na mbwa, au akilambwa penye mchubuko, hata kama mbwa ni wenu na ni mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa, nazo zote zimalizwe. Ikitolewa mapema huokoa maisha. Na usiku huu, kabla ya kulala, waambie watoto wako wazi: "Mbwa akikung'ata uje uniambie, popote ulipokuwa na lolote ulilokuwa unafanya. Hutachapwa." Nawe uwe mwaminifu kwa ahadi hiyo, hata kama walikwenda kuchuma mapera ya watu.

NENO LA MWISHO

Bobi alichukua karibu majuma 10. Alianza tena kujisaidia mbele yangu siku moja kwenye mvua. Nilisimama nimejifunika kanga kichwani, dagaa mkononi, nikamsifu mpaka majirani wakachungulia. Sasa ni mzee, analala kibandani kwake, na kuku hawajaibiwa tena. Mwanangu alichukua muda mrefu zaidi, karibu miaka 2, lakini tangu asubuhi ile hakufua tena shuka gizani. Alikuja chumbani kwetu akasema, "Mama, leo nimelowesha," nasi tukaenda kulianika juani pamoja.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, Adamu alipokosa alijificha kati ya miti, na alipoulizwa alikiri kwamba aliogopa. Bwana hakumwacha huko mafichoni. Alikuja bustanini akamwita, akataka kujua yuko wapi. Na ingawa aliwatamkia matokeo ya kosa lao, kabla ya kuwatoa bustanini aliwafanyia mavazi akawavika. Nami naomba tupewe neema ya kuwa akina mama ambao watoto wetu, wakikosa au wakiumia, watakimbilia kwetu.

Mungu awabariki pamoja na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.